Sura ya Dafrau

Fundi Wino hakuwa mtu mbaya. Tukubaliane hilo mapema, maana yatakayofuata yatakufanya umwite majina. Alikuwa mtu wa salamu, mtu wa kukaza bawaba ya mlango wa jirani bila kuombwa, na mkewe hakuwahi hata siku moja kukesha akimsubiri arudi nyumbani. Ila alikuwa na kijicho. Tena kijicho chenyewe hakikuangalia gari la mtu wala nyumba ya mtu. Kiliangalia mkono mmoja tu duniani, mkono wa kulia wa mume wa mdogo wake, yaani shemeji yake.

Kazi yao ilikuwa moja na haikuwa moja. Shemeji alichora kwa penseli kitabu cha katuni cha Dafrau. Akimaliza, kurasa zinakwenda kwa Fundi Wino ndani ya bahasha ya kaki, naye anazipitia kwa nibu na brashi, mstari baada ya mstari, mpaka penseli yote ifunikwe na wino mweusi. Wino ukikauka, anachukua raba na kuifuta penseli. Ndivyo kazi inavyokwenda, kwa sababu mashine ya kuchapa haitaki kijivu cha penseli, inataka weusi. Kwa hiyo kinachofika mkononi mwa msomaji, kila unywele, kila ngumi, kila tofali linaloruka, ni mstari wa Fundi Wino. Wa shemeji umeshakuwa taka za raba, umefagiwa na kutupwa. Lakini hebu nenda kamuulize msomaji yeyote Dafrau ni wa nani. Atakutajia shemeji kabla hujafika mwisho wa swali.

Na Dafrau ndiye nani? Kwa asiyemjua, huyu ni pande la mtu, mwenye nguvu kuliko wenzake wote katika Walinzi Saba wa Jiji. Treni alikuwa anaisimamisha kwa kifua. Sasa katika toleo la ishirini wenzake hao hao wakamsingizia kwamba ndiye aliyebomoa bwawa na kuzamisha nusu ya jiji. Wakamtia minyororo, wakamfukia chini ya mlima. Na shahidi wa uongo alikuwa rafiki yake kipenzi, mmoja wa wale saba, jina lake Tabasamu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Hapo hapo mchapishaji wa wakati ule akafunga shughuli zake, na kitabu kikafa. Miaka minane Dafrau alikaa chini ya mlima. Wasomaji wakakua, wakaoa, wakaolewa, na bado walipokutana walikuwa wanaulizana, "Hivi yule jamaa alitoka kweli?"

Mwaka huo akapatikana mchapishaji mpya, watu wote walimwita Bosi, akasema jamaa lazima atoke. Toleo maalumu, kurasa ishirini na nne, Dafrau anarudi kulipiza kisasi.

Fundi Wino alifurahi kwa muda wa siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kwenye duka la vifaa vya ofisi kununua wino, na muuza duka alikuwa amefungulia redio.

"Leo studioni tunaye baba wa Dafrau!" mtangazaji akapayuka.

Ikafuata sauti ya shemeji, na kile kicheko chake cha mtu asiye na deni na dunia. Akaulizwa alimpataje Dafrau, akaeleza. Akaulizwa kama anafanya kazi peke yake.

"Hapana bwana," shemeji akasema, "kuna shemeji yangu, fundi hasa, yule bila yeye..."

"Tupumzike kidogo kwa matangazo!" mtangazaji akamkata, ikaanza sifa ya sabuni ya unga.

Muuza duka akamgeukia Fundi Wino na uso umemeremeta. "Si shemeji yako huyo? Ee bwana wee, una bahati ya kuwa ndugu wa mtu mkubwa! Na wewe huwa unamsaidiasaidia, eti?"

Kumsaidiasaidia! Fundi Wino alichukua chupa yake ya wino akatoka bila kuaga. Njia nzima neno lile lilimtafuna. Mtu anayesaidiasaidia ni yule anayeshika ngazi mwenzake akipaka rangi dari. Je, ni nani aliyempa Dafrau lile koti jeusi ambalo mashabiki wanajishonea na kulivaa? Shemeji alimchora na suruali ya mistari, kama mtu anayetembea juu ya kamba kwenye sarakasi. Ni Fundi Wino ndiye aliyemwaga wino juu ya bega la Dafrau katika toleo la kwanza, akakosa pa kukimbilia, akaligeuza doa kuwa koti, na barakoa juu yake ili vifanane. Kwa vyovyote vile, nusu ya Dafrau ilitoka kwenye chupa yake. Jina lake lilikuwa wapi? Ndani ya jalada la nyuma, kwa herufi ndogo kama za maelezo ya dawa, chini ya anuani ya kiwanda cha kuchapa.

Alimwambia mkewe yote hayo, kwa mara ya mia. Mkewe alikuwa anapiga pasi.

"Ningejua nina mke mwenza nisingekubali kuolewa," mkewe akasema. "Kutwa shemeji, shemeji. Mwanaume mzima una wivu wa ukewenza!"

"Mimi naongelea haki yangu."

"Haya. Sasa haki yako umemwambia nani? Umemwambia yeye?"

Hakumwambia. Mtu hasemi, "Shemeji, naomba usifiwe kidogo na mimi nisifiwe kidogo." Kitu cha namna hiyo unataka mwenzako akione mwenyewe. Na kama hakioni, basi unamwekea kinyongo moyoni, na kila siku unakwenda kuchungulia kama bado kipo.

Bahasha ya kwanza ikafika, kurasa nane. Hapa lazima nikueleze tabia moja ya shemeji. Hakuwa na hadithi iliyoandikwa. Alikuwa anachora kutoka kichwani, kipande kwa kipande, na mwisho wa hadithi hakumwambia mtu, si Bosi, si mkewe, si fundi wake. Tabia ya pili, hakuwahi kurudia kuangalia ukurasa uliokwishatiwa wino. Fundi Wino akimaliza, anapeleka moja kwa moja kwa Bosi. Bosi anasoma maneno tu, isije ikakosewa herufi, kisha kiwandani. "Ukimpa mtu mwanao akulelee," shemeji alikuwa anasema, "huendi kuchungulia dirishani." Alikiona kitabu kikishachapwa, kama wasomaji wengine.

Fundi Wino akakaa kwenye meza yake karibu na dirisha, akachovya nibu. Katika ukurasa wa kwanza mlima unatikisika. Katika ukurasa wa pili mkono unatoka. Lo, ule mkono! Vidole vimejaa udongo, kucha zimevunjika, na kila mshipa unasema niliwakosea nini. Shemeji alikuwa ameuchora kwa mistari kama kumi hivi, bila kunyanyua penseli. Fundi Wino aliutazama robo saa. Yeye angehitaji mistari hamsini, na bado usingekuwa na hasira ile. Roho ilimuuma pale pale, akiwa anaupenda mkono na kumchukia aliyeuchora.

Lakini alimwelewa Dafrau. Hilo hakuna wa kumwambia. Mtu umefanya kazi, umebeba jiji zima mgongoni, halafu unafukiwa na wenzako wanakwenda kupigwa picha! Alimtia wino kwa uchungu, vivuli vizito, macho mekundu ingawa wino ulikuwa mweusi.

Ukurasa wa tatu akatokea Tabasamu. Shemeji hakujali sana nyuso za watu wa pembeni. Alichora yai, pua, mstari wa mdomo, akamwachia fundi amalizie. Na pembeni ya ukurasa, mahali ambapo alikuwa anamwandikia maelekezo kama "jaza nyeusi hapa" au "mvua iongezeke", aliandika: "Tabasamu kazeeka. Mpe sura unayoona inamfaa."

Sura inayomfaa. Fundi Wino akacheka peke yake. Mwanzo ulikuwa mzaha tu, nakuapia. Akampa Tabasamu paji pana, kama la shemeji. Kisha mwanya wa meno ya mbele, kama wa shemeji. Kisha kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, ambalo shemeji alilipata kwa kugongana na mlango wa kabati siku ya harusi yake. Akaegemea nyuma, akatazama. Alikuwa shemeji mtupu, na kicheko chake, anamuuza rafiki yake.

Angeweza kuishia hapo. Hakuishia.

Bahasha ya pili ilikuwa na kurasa kumi na nne, na zote zilikuwa kisasi. Dafrau anawafuata Walinzi mmoja mmoja. Huyu anamtundika juu ya mnara wa saa, yule anamkunja pamoja na gari lake. Halafu anamfikia Tabasamu, na hapo shemeji alikuwa amejaza kurasa tano za kipigo. Fundi Wino hajawahi kufanya kazi kwa raha kiasi kile. Aliacha hata kusikia akiitwa chakula. Kisanduku kwa kisanduku alimpiga shemeji yake. Alimtoa damu puani, akamvimbisha jicho, na katika ukurasa wa ishirini na mbili, buti la Dafrau likiwa kifuani, alimtemesha meno mawili, moja kila upande wa mwanya. Wino ukakauka, akachukua raba, akafuta penseli, akapuliza taka zake, akapeleka kurasa zote kwa Bosi.

"Huyu mwovu nimewahi kumwona mahali," Bosi akasema.

"Waovu wanafanana," Fundi Wino akajibu.

Bosi akasoma maneno, akasahihisha herufi mbili, akatuma kiwandani.

Kurasa mbili za mwisho zililetwa siku ya Jumanne asubuhi na mdogo wake mwenyewe, mke wa shemeji. Aliingia akihema, mkoba begani, bahasha ameikumbatia kama mtu aliyebeba mayai.

"Kaka, amesema ufungue ukiwa peke yako. Mimi nimekatazwa kuchungulia. Wiki nzima anatabasamu peke yake jikoni, nikimuuliza ananiambia subiri."

"Kuna nini ndani?"

"Nikijua nitakuwa nimechungulia," mdogo wake akacheka. "Bosi anasema mashine inazisubiri saa sita. Haya, nakimbilia kazini."

Fundi Wino akafungua. Ukurasa wa ishirini na tatu, Dafrau ameinua ngumi ya mwisho juu ya Tabasamu, kisha anaishusha, anamwacha, anaondoka. Ukurasa wa ishirini na nne ulikuwa kisanduku kimoja, ukurasa mzima. Dafrau anavua barakoa. Toka toleo la kwanza hakuwahi kuivua. Na chini ya barakoa kulikuwa na uso wa Fundi Wino.

Wala si uso unaofanana. Ni wake. Pua bapa, macho yaliyoingia ndani, ndevu zenye mvi upande mmoja tu, ule mkunjo kati ya nyusi ambao mkewe anauita barabara kuu. Aliyechora uso ule alikuwa ameutazama miaka mingi, kwa utulivu, bila mwenyewe kujua kwamba anatazamwa. Pembeni shemeji ameandika: "Shemeji, sura ni yako. Usinibishie. Umembeba huyu mtu toka siku ya kwanza. Na chini ya picha andika kwa mkono wako mwenyewe: Sura ya Dafrau ni ya fundi aliyemtia wino. Kisha weka jina lako, kubwa. Bosi usimwambie, tumshtukize."

Fundi Wino akakaa. Kwanza ilimjia furaha, furaha ya kweli, mpaka macho yakajaa maji. Ikafuata aibu. Na nyuma ya aibu, sikufichi, ukaja tena wivu. Kwa nini mtu yule amchore kwa mistari kumi na tano, na awe yeye zaidi ya alivyo kwenye kioo? Hata zawadi yake mwenyewe aliionea wivu.

Ndipo akakumbuka kurasa ishirini na mbili za nyuma, akasimama kwa kishindo, kiti kikaanguka.

Akampigia Bosi simu. "Zile kurasa za mwanzo, naweza kuzipata? Kuna kitu kidogo cha kurekebisha."

"Kurekebisha nini? Zimeshachapwa zote, sasa zinakunjwa. Niletee hizo mbili."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Fikiria nawe: kitabu kinatoka, mtu mwenye sura ya Fundi Wino anampiga mtu mwenye sura ya shemeji kurasa tano mfululizo, anamtemesha meno, na mwisho kuna jina kamili la Fundi Wino, kubwa, kama alama ya kidole ya mwizi. Mkewe ataona. Mdogo wake ataona. Shemeji ataona, naye ndiye aliyekuwa anatabasamu jikoni wiki nzima.

Saa ilikuwa nne na nusu. Akafikiri kumfunika Dafrau barakoa, lakini maneno ya Dafrau yalikuwa tayari kwenye puto, lile duara la usemi: "Itazameni sura mliyoizika." Lazima sura iwepo. Akafikiri kuchora sura ya mtu asiyejulikana. Ingesaidia nini? Ya Tabasamu ingebaki pale pale, na shemeji angeuliza, ya kwako uliifuta kwa nini na ya kwangu uliipigia nini. Akazunguka chumba, akarudi mezani, na hapo akaona njia. Akimpa Dafrau pia sura ya shemeji, basi tusi linageuka sifa. Shemeji atakuwa pande zote mbili, shujaa na msaliti. Itakuwa kama heshima, kama utani wa ndugu. Hakuna atakayemnyooshea kidole.

Gharama yake ni moja tu. Shemeji atapata na hiki.

Akachovya nibu, mkono wake ukaenda wenyewe, maana uso ule ulishauzoea kwa wiki tatu. Paji pana. Mwanya. Kovu. Mistari yake ilipita juu ya pua yake mwenyewe na macho yake mwenyewe. Wino ulipokauka akachukua raba. Alianza na maneno ya pembeni, kisha akafuta ndevu, kisha mkunjo. Akafuta mpaka karatasi ikawa na joto. Saa sita kasoro dakika tano alikuwa mlangoni kwa Bosi.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi mchana, katika duka kubwa la vitabu, ghorofa ya pili. Viti vilijaa, watu wakasimama kati ya makabati, wengine na makoti meusi ya Dafrau. Kitabu kilikuwa kinauzwa toka asubuhi, kila mmoja alikuwa ameshakisoma, na kelele zilikuwa za ajabu.

"Ni mapacha!"

"Mapacha wapi? Ni mtu mmoja! Aliyemsaliti ni yeye mwenyewe! Alikuwa anajipiga mwenyewe muda wote!"

"Na ni sura ya mchoraji! Amejichora mwenyewe, mwema na mwovu! Huyu mtu ana akili za kutisha."

Fundi Wino alisimama karibu na ukuta, kitabu mkononi, masikio yanawaka moto. Miaka yote ya Dafrau, hakuna kilichowahi kuwapagawisha watu namna ile. Na kilikuwa chake. Hakikutoka kwenye penseli ya mtu. Kilitoka kwake yeye, mezani kwake, saa nne na nusu ya Jumanne.

Shemeji akapasua watu, akamkumbatia, karibu amnyanyue.

"Shemeji wewe! Nimekupa sura umeikataa! Nilijua tu utaona haya, nilimwambia mdogo wako, huyu mtu hapendi kujionyesha. Lakini kunirudishia mimi, tena mpaka kwa Tabasamu! Nilipojiona natemeshwa meno nilicheka mpaka nikakaa chini. Umenikomoa, na hadithi umeiokoa. Kumbe mwisho wangu mimi ulikuwa mdogo!"

Kwa hiyo alishasamehewa, tena bila kuulizwa. Shemeji alikuwa amejitafutia maelezo mwenyewe na yote yalikuwa mazuri. Fundi Wino alitakiwa afanye kitu kimoja tu, anyamaze.

Bosi akagonga kipaza sauti. "Ndugu wasomaji, swali mnalouliza wote: wazo hili la sura moja, lilitoka wapi?"

Shemeji akasogea. "Jamani, kusema kweli hili si langu. Muulizeni shemeji yangu pale ukutani."

"Acha unyenyekevu!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na ukumbi mzima ukaanza kupiga makofi, wakimtazama shemeji. Shemeji akanyoosha mkono kuelekea ukutani. Hakuna aliyeufuata kwa macho. Wakazidi kupiga makofi, wengine wakasimama. Shemeji akamwangalia Fundi Wino, akainua mabega, kama anayesema nimejaribu.

Ukimya una kipimo chake, na wa Fundi Wino ulikwisha hapo. Alikwenda mbele kwa hatua ndefu, akamnyang'anya Bosi kipaza sauti.

"Ni langu!" akasema. "Wazo ni langu mimi! Yeye hakujua lolote. Alinipa Tabasamu hana sura, nikampa sura ya shemeji, kwa sababu nilikuwa namwonea wivu. Mnasikia? Wivu! Kila jino nililoling'oa nilijua naling'oa la nani. Halafu akaniletea ukurasa wa mwisho, Dafrau ana sura yangu. Yangu mimi! Ningeiacha, mngejua. Nikaifuta, nikaweka yake. Ndivyo wazo lilivyotoka. Ni langu!"

Kisha mtu mmoja akacheka, akafuata wa pili, ukumbi wote ukaangua kicheko. Wakashangilia, wakapiga miguu sakafuni. Walidhani ni igizo, kwamba Tabasamu amejitokeza kuungama mbele ya umma. "Ana kipaji huyu!" mwanamke mmoja akamwambia jirani yake. "Kwa nini walikuwa wanamficha?"

Watu wawili hawakucheka. Shemeji alikuwa amesimama na kalamu ya kusaini mkononi, haijafunikwa. Mdogo wake alikuwa amekaa mstari wa mbele, anafungua kitabu upya, kuanzia ukurasa wa tatu, pole pole, kama mtu anayesoma barua ya hospitali. Alipofika ukurasa wa ishirini na mbili akanyanyuka, akaja mpaka mbele ya kaka yake, akaweka kidole kwenye picha, chini ya buti la Dafrau.

"Kaka. Hapa ulipokuwa unachora, ulikuwa unamwona huyu? Mume wangu?"

Fundi Wino akalitazama lile buti.

"Mimi nilileta bahasha mlangoni kwako, nikacheka na wewe," mdogo wake akasema. Sauti haikupanda. "Ulikuwa umeshafanya."

Shemeji akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia. "Niliandika pembeni kwamba sura ni yako. Uliisoma?"

"Niliisoma."

"Ukaifuta kwa sababu ya haya, au ya hayo uliyosema?"

"Ya hayo."

Shemeji akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeelekezwa njia. Akafunika kalamu, akaiweka mezani. Akachukua koti lake, akamshika mkewe mkono, wakatoka kwa mlango wa pembeni, ule wa ngazi. Makofi yalikuwa bado yanaendelea, hakuna aliyegundua.

Bosi alikuwa anang'aa. Akamkalisha Fundi Wino kwenye kiti cha shemeji, akamtia kalamu mkononi. Foleni ikajipanga upya, ikazunguka makabati, ikafika mpaka kwenye ngazi. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja wa makamo, mwenye koti jeusi lisilofunga tumboni. Akafungua jalada.

"Andika jina lako hapa, kubwa, lionekane. Miaka yote hii mimi nilidhani kitabu hiki ni cha yule mwenzako."

Fundi Wino akaandika jina lake, kubwa, likajaza ukurasa.

"Sasa niambie mimi tu, sitamwambia mtu," yule bwana akainama, akanong'ona. "Toleo linalokuja, Dafrau anakwenda wapi?"

Fundi Wino akatazama mlango wa pembeni. Ulikuwa umejifunga.

"Sijui," akasema. "Anayejua ametoka sasa hivi."

Yule bwana akacheka mpaka akashika meza, akamwita aliyekuwa nyuma yake aje asikie.